Shafti ya Golf imegandia kwenye habu: weka nyundo chini kwanza

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Volkswagen Golf ya 1981 ya marehemu baba, imelala kibandani miaka 6 huku Raskazone, Tanga, karibu kabisa na bahari. Injini nimeifufua inawaka vizuri, ila nikikata kona gurudumu la mbele kushoto linalia ka-ka-ka-ka. Nimenunua sivi jointi ya nje mpya, kile kiungo cha shafti kinachojikunja gurudumu linapokata kona. Nati kubwa ya katikati tumeifungua lakini shafti haitoki kwenye habu, kile kitovu kinachofungiwa gurudumu, hata nywele. Fundi kaipiga na nyundo ya kilo 3 mpaka ncha imeanza kufumuka, sasa anataka kuichoma na gesi iwe nyekundu, ikigoma aikate na grainda. Nimemwambia asubiri kwanza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo uliposema asubiri umeokoa pesa nyingi kuliko unavyodhani, maana gari lako bado linatengenezeka bila kukata kitu, lakini ingepita siku moja zaidi ya ile nyundo tungekuwa tunaongea habari ya beringi na habu na pengine nyumba nzima ya beringi. Mlio wenyewe umeusoma sawa, ka-ka-ka ya kwenye kona ni sivi ya nje, ya ndani ingekutetemesha wakati unakanyaga mafuta umenyooka. Kwa hiyo kazi ni hiyo hiyo uliyoianza. Tatizo ni njia.

Kwanza elewa nguvu ya nyundo inakwenda wapi, kwa sababu ukilielewa hilo hata fundi wako utaweza kumweleza kwa adabu na akakuelewa. Ile ncha ya shafti, ambayo ni kipande kimoja na sivi ya nje, ina meno, yale meno yanaingia kwenye meno ya ndani ya habu. Habu nayo imepigwa ndani ya beringi, na beringi imekaa kwenye nyumba yake imezuiwa na klipu. Sasa ukipiga ncha ya shafti kwenda ndani na meno yameshikana, shafti haitembei peke yake, inaivuta habu pamoja nayo, bega la habu linaisukuma ringi ya ndani ya beringi, ringi inasukuma gololi, gololi zinasukuma ringi ya nje, na ringi ya nje inaegemea ile klipu. Yaani kila pigo la kilo 3 linapita kwenye gololi za beringi kabla halijafika popote. Gololi zinachimba vishimo vidogo kwenye njia yake, na wiki mbili baada ya kufunga gari utasikia mvumo kama ndege inapita mbali ukifika spidi 60. Watu wengi wanabadilisha sivi halafu wanalalamika kwamba sivi mpya ni feki kwa sababu gari linavuma, kumbe ni beringi waliyoiua wenyewe na nyundo.

Na kwa nini imegandia hivyo? Mwanangu wewe unakaa Raskazone, kusi ikivuma unaonja chumvi kwenye midomo ukiwa barazani kwako. Chumvi ile inavuta unyevu, inaingia kwenye nafasi ndogo kati ya meno na meno, na kutu ikishaota inachukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Sasa pale ndani hakuna nafasi ya kukua, kwa hiyo kutu inajibana yenyewe, inakuwa kama kabari ndogo ndogo zimepigwa kwenye kila jino. Gari linalotembea kila siku angalau lile joto na mtikisiko vinasaidia, lakini lililolala miaka 6 kutu imefanya kazi usiku na mchana bila kusumbuliwa na mtu. Golf za aina hii zilizokuwa bara, Dodoma au Singida huko, shafti unaisukuma na kidole gumba nusu ya safari. Za kwetu pwani si hivyo, na fundi aliyejifunzia bara akija Tanga anashangaa.

Sasa tuanze kazi.

Kabla ya kitu chochote shughulikia ile ncha iliyofumuka. Hii ni muhimu kuliko yote na watu wanairuka. Ncha ya shafti ni lazima ipite ndani ya tundu la habu ili itoke upande wa pili, na tundu lile ni la kupita meno tu, halina huruma. Kama ncha imepanuka kama uyoga basi hata meno yakiachia bado ncha itakwama ndani na utadhani kutu haijaachia, utaongeza nguvu, utaharibu meno ya habu. Chukua tupa, usichukue grainda kwanza, piga tupa kuzunguka ule mdomo uliofumuka taratibu mpaka nati ya zamani iingie kwa mkono kuanzia mwanzo wa uzi. Nati ikiingia kwa mkono ujue ncha ni nyembamba kuliko tundu, umepona. Kwa vile sivi ile unaitupa hata hivyo huna haja ya kuuonea huruma uzi wake, ila usisage mpaka ukagusa habu.

Halafu gari lipande kwenye stendi za chuma, mbili, pande zote mbili za mbele, na gurudumu la nyuma weka kabari. Sitaki kusikia tofali za saruji. Tofali la saruji halikuonyi, linapasuka mara moja, na wewe uko chini ya gari la baba yako. Kama huna stendi kuna gogo la mti mgumu kama msaji au mvule, kata pana, weka chini ya sehemu ngumu ya bodi, hapo sawa.

Toa kalipa ya breki uifunge na waya kwenye springi, usiiache inaning'inia na mpira wake wa breki. Toa disiki, ina skrubu moja ndogo, nayo itakuwa imegandia, igonge kidogo kabla hujaifungua. Kisha nenda upande wa giaboksi, kwenye Golf giaboksi iko kushoto kwa hiyo shafti yako ndiyo ile fupi, ya kulia ni ndefu, ukienda dukani kuulizia chochote taja upande. Sivi ya ndani imefungwa na bolti 6 zenye kichwa cha ndani chenye pembe 12. Hizi bolti ndizo zinazoliza watu. Tundu la kichwa limejaa grisi kavu na mchanga, mtu anaingiza kifunguo nusu, anavuta, kinateleza, kichwa kinakuwa duara na sasa ana matatizo mawili badala ya moja. Chukua msumari chimbua uchafu wote, pulizia, ingiza kifunguo sahihi uigonge na nyundo ndogo mpaka isikike imefika chini, ndipo uvute. Kifunguo cha pembe 6 kinaweza kuonekana kinaingia lakini si chake, usijaribu.

Ukishazitoa hizo 6, fungua bol jointi ya chini, kile kiungo kinachoishika nyumba ya beringi kwa chini, ili nyumba iweze kusogea nje. Shafti upande wa ndani uifunge na waya pia, ilale sawa. Usiiache inaning'inia kwa pembe kali maana utaipasua raba ya sivi ya ndani ambayo pengine ilikuwa nzima.

Sasa mafuta. Kila mtu ana ya kwake, wengine dizeli, wengine mafuta ya breki, wengine WD-40. Mimi miaka yote natumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki yale mekundu, nachanganya nusu kwa nusu na asetoni, ile inayouzwa maduka ya rangi na kina dada wanatolea rangi ya kucha. Asetoni inayafanya mafuta yawe mepesi kama maji, yanapenya, halafu yenyewe inaruka hewani inayaacha mafuta ndani. Tikisa kila unapotumia kwa sababu yanajitenga. Onyo: asetoni inawaka kama petroli, inakula rangi ya gari na raba, kwa hiyo tone kwa tone, na siku unayotumia asetoni siyo siku ya moto. Na mafuta yapake pande zote mbili, huku mbele kwenye ncha, na kule nyuma kati ya sivi na beringi. Wengi wanapaka mbele tu. Mafuta yakipita mbele yanakutana na kutu ya kule nyuma ambayo ndiyo iliyokula chumvi nyingi zaidi, maana maji ya barabarani yanarukia upande ule. Ukiweza inamisha nyumba ya beringi ili upande unaopaka uangalie juu, mafuta hayapandi mlima. Asubuhi na jioni kwa siku 2 au 3. Ndiyo, siku 3. Gari limelala miaka 6 mwanangu, siku 3 si kitu.

Wakati mafuta yanafanya kazi, wewe tengeneza pula, kile kifaa cha kuachanisha vyuma vilivyoshikana kwa kukaza bolti. Hapa ndipo roho ya jibu langu ilipo kwa hiyo nisome taratibu.

Pula ya kawaida ya miguu mitatu ile ya kukodisha haifai hapa, miguu inashika ukingo wa habu kwa ncha tu, inateleza, na ikiteleza ikiwa imekazwa inaweza kukutoa jino. Unataka pula inayofungwa kwenye habu yenyewe kwa yale matundu manne ya bolti za gurudumu. Ukifanya hivyo angalia kinachotokea: bolti ya katikati inaisukuma shafti kwenda ndani, na zile bolti 4 zinaivuta habu kwenda nje, nguvu inazunguka kati ya habu na shafti peke yake. Beringi haihusiki. Haipiti hata kilo moja kwenye gololi. Ndiyo maana unaweza kuweka tani kadhaa bila kuharibu kitu, wakati nyundo ya kilo 3 tu inaua beringi.

Kuitengeneza si kazi kubwa na Tanga hii ya bandari na mkonge haikosi bamba la chuma, nenda kwa wauza chuma chakavu tafuta kipande cha bamba nene, milimita 15 au zaidi, ukubwa wa sahani ya chai. Matundu ya gurudumu ya Golf ni 4 kwenye duara la milimita 100, chora kwa kutumia ile disiki uliyoitoa kama kielelezo, huna haja ya kupima. Toboa 4 za kupita bolti ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12. Katikati toboa tundu la kupita bolti ya M20, halafu fundi wa kuchomelea achomelee nati ya M20 upande wa nje, achomelee kuzunguka yote, siyo matone matatu. Bolti ya katikati iwe ngumu, angalia kichwani imeandikwa 10.9, ile laini ya kujengea mageti itapinda na uzi wake utakatika. Kwa kufunga bamba kwenye habu tumia bolti za M12 zenye uzi wa 1.5, uzi ule ule wa bolti za gurudumu lako, ndefu kama sentimita 7, na kwenye kila moja pitisha kipande cha bomba cha sentimita 3 kati ya bamba na habu ili bamba lisigonge ule mdomo wa katikati wa habu. Hakikisha vipande vyote vinne ni sawa sawa la sivyo pula itasukuma kwa upande. Na bolti ziingie kwenye habu angalau milimita 12, lakini zisitokeze nyuma zikagusa nyumba ya beringi.

Kwenye ncha ya shafti utaona kuna kishimo kidogo katikati, fundi mchongaji alikiacha kiwandani. Tafuta gololi moja ya beringi kuukuu, weka grisi, ibandike kwenye kile kishimo, halafu bolti yako ya katikati isukume ile gololi. Hivyo haitasaga ncha na haitakimbia pembeni. Paka grisi uzi wa bolti ya M20, usiufunge mkavu.

Kaza. Tumia spana ndefu lakini kaza kwa kuhisi, ukifika pale ambapo mtu mzima anavuta kwa mkono wote mmoja kwenye spana ya nusu mita umeshaweka tani 4 hadi 5 kwenye shafti. Acha. Usiendelee kukaza. Sasa chukua nyundo ndogo na kipande cha shaba, gonga ukingo wa habu kuzunguka, taratibu, kama unavyogonga mlango wa mgonjwa, mara kumi na mbili hivi. Siyo kupiga, ni kutikisa ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Tone jingine la mafuta. Robo mzunguko mwingine kama inakubali. Halafu ondoka kabisa, kanywe chai.

Usisimame mbele ya pula iliyokazwa hata dakika moja, wewe wala watoto. Vaa miwani. Chuma kilichokazwa ni kama upinde uliovutwa.

Nakumbuka gari moja, si la siku hizi, lilikuwa limelala shamba la mkonge upande wa Muheza, lililetwa kwetu baada ya gereji nyingine kulipiga siku mbili nzima. Tukatengeneza pula kama hii, tukaweka mafuta, tukakaza, haikusogea. Kijana wangu akataka kuongeza bomba kwenye spana, nikamzuia. Ikaadhiniwa magharibi tukaenda kuswali. Tumerudi, hatujagusa kitu, tukakuta shafti imeingia ndani zaidi ya sentimita moja na pula imelegea kabisa. Imeachia yenyewe, peke yake, kwa sababu nguvu ilikuwepo na mafuta yalikuwepo, kilichokuwa kinakosekana ni muda. Tangu siku hiyo pula nikishaikaza naiacha ilale nayo usiku kucha kabla sijafikiria kitu kingine, na mara nyingi sana asubuhi kazi imekwisha.

Kama umelala nayo usiku 2 na haijasogea ndipo tunaongea moto, lakini siyo moto wa fundi wako. Chuma kuwa chekundu hapana kabisa. Habu ikiwa nyekundu ugumu wake unakwenda, na hiyo ndiyo inayobeba gurudumu lako ukiwa barabara ya Segera umepakia familia. Unachotaka ni habu itanuke kidogo kabla shafti haijapata moto. Hesabu yake ni hivi, tundu la kama milimita 25 ukilipandisha joto digrii 150 linapanuka karibu milimita 0.045. Inaonekana ndogo, lakini kwa kutu inatosha kuivunja. Kwa hiyo toa asetoni yote, futa, subiri ikauke kabisa, sogeza mpira wa breki mbali na uufunike na kitambaa chenye maji, weka ndoo ya mchanga karibu. Pula ikiwa imekazwa, zungusha moto wa gesi kwenye uso wa habu kuzunguka tundu, usikae sehemu moja, usimulike ncha ya shafti, mpaka tone la maji likidondoka linachemka papo hapo na kuruka. Hapo inatosha. Kuna mafundi pia wanaweka gundi ya chuma kwenye meno wakati wa kufunga, kama aliyefunga kabla yako aliitumia basi joto hili ndilo litakaloilainisha, mafuta peke yake hayataifanya kitu.

Mara tu unapozima moto gusisha kipande cha mshumaa kwenye maungio ya meno, nta inayeyuka na kunyonywa ndani kabisa kuliko mafuta yoyote. Huu ni ufundi wa wazee na unafanya kazi. Ila kubali jambo moja, ukishachoma habu beringi hesabu imekwenda, grisi yake imeyeyuka na sili zake zimeungua. Nunua mpya kabla hujawasha gesi. Kwenye Golf hizi vipimo vyake ni 34 kwa 64 kwa 37, pima ya kwako uhakikishe. Na beringi yenyewe, ukiivua habu haitumiki tena hata kama ilikuwa nzima, ringi ya ndani inabaki kwenye habu, lazima uivute.

Hatua ya mwisho kabla ya kukata ni kuvua nyumba nzima ya beringi pamoja na shafti, kwa kufungua tairodi end (kile kiungo cha usukani) na zile bolti 2 za shoka absoba (chora alama kwanza na tindo zilipokaa maana zinarekebisha mlalo wa gurudumu), upeleke gereji yenye presi ya haidroliki. Lakini uwepo mwenyewe. Mwambie mwenye presi aegemeze ukingo wa habu wenyewe kutoka nyuma, kwa vipande viwili vya chuma, asiegemeze nyumba ya beringi. Akiegemeza nyumba tani zote zinapita kwenye beringi na tumerudi kule kule kwa nyundo ila kwa nguvu mara kumi.

Na kukata? Grainda haikusaidii kitu hapa, hilo mwambie fundi wako kwa upole. Akikata shafti huku nje ya sivi, kile kilichogandia bado kimegandia ndani ya habu. Kama hata presi imeshindwa, na nimeona mara moja tu, unabadilisha habu na sivi kwa pamoja kama kipande kimoja. Habu za Golf hizi si adimu sana kama watu wanavyotishana, kizazi hiki cha kwanza kilichotoka Ujerumani mwaka 1974 Afrika Kusini waliendelea kukitengeneza kwa jina la Citi Golf mpaka 2009, vipuri vingi vinaingiliana, ila linganisha na cha kwako mkononi kabla ya kulipa.

Jambo ambalo nisingependa ulisahau: shafti ikiwa imetoka usiliteremshe gari chini ukalisukuma, hata mita mbili za kulitoa jua. Ile nati kubwa ndiyo inayobana ringi za beringi pamoja. Bila shafti na nati uzito wa gari unaziachanisha. Kama ni lazima lisogee, ingiza ile sivi mbovu kwenye habu peke yake, kaza nati, ndipo lisogee.

Kufunga ni rahisi ukilinganisha. Safisha meno ya habu na brashi ya waya mpaka uone chuma, sivi mpya iingie kwa mkono. Ikigoma bado kuna kutu. Kupachika sivi mpya kwenye shafti fuata mpangilio wa washa kama ulivyoukuta, piga picha na simu wakati unafungua, na ile grisi nyeusi inayokuja na sivi itumie yote, usichanganye na grisi ya kawaida. Kwenye meno ya habu paka grisi nyembamba sana, kama unavyopaka mkate ukiwa na siagi kidogo, sisi wa pwani lazima la sivyo miaka michache ijayo uko hapa hapa. Lakini kwenye uzi na uso wa nati usipake, vipimo vya kukaza ni vya uzi mkavu. Zile bolti 6 za ndani zinakazwa kwa kama Nm 45 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Nati kubwa iwe mpya, ile ya zamani inajifunga yenyewe mara moja tu. Inakazwa gari likiwa chini kwenye magurudumu yake, gia ndani, breki ya mkono imevutwa, kabari mbele na nyuma. Kipimo ni kama Nm 230. Huna tok renchi, ile spana inayoonyesha kipimo hicho? Azima mizani ya kuning'iniza kwa wauza samaki, ile yenye ndoano. Weka boksi ya 30 na bomba, ndoano ikae mita 1 kamili kutoka katikati ya nati, bomba lilale sawa likielekea mbele ya gari. Kwanza inua taratibu usome mizani ikibeba bomba tupu, tuseme 2. Halafu vuta juu mpaka isome hiyo 2 pamoja na kilo 23 na nusu, yaani 25 na nusu, wakati nati inajaribu kusogea. Umefika. Kwa upande wa kushoto kuvuta juu ukielekea mbele ndiyo kukaza, kwa kulia geuza bomba lielekee nyuma.

Tembea nalo barabara ya bandarini, kata kona mpaka mwisho kushoto na kulia taratibu, usikilize. Likiwa kimya upande huo, kumbuka wa kulia nao umelala miaka ile ile 6 na chumvi ile ile, siku ya mapumziko anza kuupaka mafuta mbele na nyuma mapema kabla haujalia, na pula usiiuze wala usiiazimishe, matundu ya kulia ni yale yale ya kushoto.